Neno "picture" kwenye Kiingereza: namna ya kulitumia bila kubabaika

Habari zenu wadau. Hii nawaandikia nyie mnaotumia Kiingereza kazini, chuoni, kwenye fomu na kwenye mesej, hasa mnaoogopa kufungua mdomo, maana nimeona watu wenye akili zao kabisa wanakwama kwenye kaneno kadogo kama "picture". Na wanakwama kwa sababu neno letu la picha tumelitoa hukohuko kwenye "picture", kwahiyo mtu anaona ah hiki si kitu kilekile tu, anachukua sentensi yake ya Kiswahili anageuza neno moja moja, anatoa "take me a picture" au "beat a picture", wenzie wanamwangalia, anaona aibu, siku nzima haongei tena. Mi sitaki unyamaze. Ukishajua hili neno linatembea na maneno gani, zile maana zake nyingi wala huhitaji kuzikariri, zinakuja zenyewe.

Tuanzie mdomoni. "Picture" ina silabi mbili, pik-cha, nguvu iko mwanzoni, na hiyo K lazima isikike. Ukisema picha kama tunavyosema nyumbani, Mwingereza anasikia "pitcher", na hilo ni jagi, Mmarekani naye anaweza kumfikiria yule mrusha mpira wa besiboli. Ana kwa ana watakuelewa tu maana wanaona umeshika simu, lakini kwenye simu ya kazini mtandao unakata kata hiyo K ndio itakuokoa. Sema "pik", kata, alafu malizia "cha" fupi isiyo na nguvu. Usiongeze irabu katikati ikawa pikicha. Ile R ya mwisho Wamarekani wanaitamka, Waingereza wengi wanaiacha, chagua upande wako ubaki nao.

Na hapohapo niwape ya "photograph" maana hii inasumbua hadi walimu. Kiswahili mkazo wetu unakaa silabi ya pili kutoka mwisho, tumezoea hivo tangu tunajifunza kuongea, sa tukikutana na "photographer" tunasema photoGRApher. Hapana. Kwa Kiingereza mkazo unahama hama: PHOtograph, alafu phoTOgrapher, phoTOgraphy, alafu photoGRAphic. Zirudie kwa sauti ukiwa peke yako mpaka mdomo uzoee, kama wewe ni mpiga picha na una wateja wa nje hii ni ya lazima kabisa, hilo ndio jina la kazi yako.

Sasa tofauti ya "picture", "photo" na "image". "Picture" lilikuwepo kabla kamera haijazaliwa, asili yake ni Kilatini, kitenzi cha kuchora kwa rangi. Kamera imekuja juzi tu, mwaka 1839 ndio uvumbuzi wa Mfaransa Daguerre wa kupiga picha kwa kamera ulitangazwa Ufaransa, na mwaka huohuo huko Uingereza mwanasayansi John Herschel akaanza kulitumia neno "photograph", limeungwa kwa maneno ya Kigiriki ya mwanga na kuandika. Ndio maana "picture" ni pana, chochote unachokiona kimechorwa, kimepigwa au kimechapwa ni "picture", ila "photo" lazima kamera ihusike. Mtoto kachora nyumba na jua lenye miale kwa kalamu za rangi, hiyo ni "picture", ukipenda "drawing", ila sio "photo" hata siku moja. Selfi yako ya jana, zote mbili sawa.

Hii inawahusu sana ndugu zetu wanaouza michoro ya Tingatinga kwa wageni, ile sanaa aliyoianzisha Edward Saidi Tingatinga pale Dar miaka ya 1960. Usimwambie mgeni "this is a nice photo", umeshusha thamani ya kazi ya mkono, mtu kakaa na brashi na rangi siku nzima. Sema "painting", au sema "this picture was painted by my uncle" kama kweli kaichora mjomba wako. Na ukisema "hand-painted" unamwambia moja kwa moja kwamba haijatoka kwenye mashine.

"Photo" na "photograph" ni mtu na kaka yake, moja la mtaani moja la ofisini. Kwenye fomu za viza, za chuo, za kazi utakuta wameandika "two recent passport-size photographs", na wewe kwenye barua yako andika hivohivo. Sisi huku tunasema nina passport size nne, tunaishia hapo, ila ukimwambia hivo mtu wa Uingereza atasubiri umalizie, saizi ya pasipoti ya nini? Sema "passport photos", imeisha.

"Image" ni la mambo ya kompyuta na mambo ya heshima. Faili la picha ni "image file", watengeneza tovuti wanasema "image", madaktari wa vipimo wanasema "images". Lakini pia "image" ni jinsi watu wanavyokuona, kampuni inajenga "image" yake, mwanasiasa anasafisha "image" yake, hapo huwezi kuweka "picture" kabisa. Na mtoto anayefanana na babake, yule tunayesema ni fotokopi ya baba yake, Kiingereza ni "the spitting image of his father". Ila "picture" nayo imo ndani ya kompyuta hukohuko, limejificha tu: pikseli ni kifupi cha maneno "picture element", neno lilianza kuandikwa mwaka 1965 na Fred Billingsley wa JPL, maabara ya shirika la anga la Marekani NASA kule California, walikuwa wanashughulika na picha zilizotumwa na vyombo vya angani. Ile "pix" ni kifupi cha "pictures" cha magazeti ya sinema ya Marekani ya zamani, leo "pics" ndio imebaki mtaani. Andika "pics" kwa rafiki, kwa meneja andika "photos".

Haya, sasa sehemu ninayotaka uisome mara mbili. Vitenzi.

Kiswahili tunapiga picha. Kiingereza wana "take". Sio "beat", sio "hit", na "shoot" ni ya watu wenye fani yao. "Take a picture". Alafu aliyepigwa anakuja na "of": "take a picture of me", "take a picture of the house". Sasa angalia tofauti hizi maana zinachanganya vibaya. "Can you take a picture of me?" unaomba upigwe wewe. "Can you take a picture for me?" unaomba mtu akusaidie kupiga kitu, labda tangazo ukutani liko mbali na simu yako mbovu. "Can I take a picture with you?" tusimame wote tupigwe. "Can I take your picture?" nikupige wewe, na hapa wengi wanashtuka, wanadhani mtu anataka kuchukua picha yao aondoke nayo, hapana, ni adabu tu anaomba ruhusa. Ukiwa na familia au marafiki pale Forodhani unataka mpita njia mgeni awapige, yenye adabu zaidi ni "would you mind taking a picture of us?", hapo "mind" inafuatwa na "taking", na akijibu "not at all" amekubali, mpe simu.

Kuchora ni "draw" kama ni penseli, "paint" kama ni rangi na brashi. Kusafisha picha, ile ya enzi za filamu tunapeleka studio, usiseme "wash", ni "develop", na siku hizi mambo yote ni ya simu kwahiyo sema "print". "I want to print ten pictures", dukani watakuelewa popote duniani.

Umetoka vizuri kwenye hii picha! Hii sisi tunaisema kila siku chini ya picha za watu. Ukiwa unaisifia picha yenyewe unaweza kusema "the picture came out well", imekubali vizuri kabisa kama ya kwetu. Ila ukiwa unamsifia mtu, sema "you look great in this picture". Na mtu ambaye kila akipigwa anatoka vizuri, hata kwenye kitambulisho, huyo ni "photogenic".

Umeona hapo nimesema "in this picture"? Kiswahili ni kwenye picha, au pichani, na "kwenye" yetu inatuchanganya, wengi wanaandika "on the picture". Mtu aliyeonekana ndani ya picha yuko "in". "The man in the picture is my teacher". "On" ni kitu kilichokaa juu ya karatasi ya picha, kama muhuri, sahihi au vumbi. Ofisini wakikwambia "sign on the back of the picture" wanataka uweke sahihi nyuma ya karatasi. Na "picha hapo chini" usiigeuze ikawa "the below picture", sema "the picture below". Kwenye ripoti ya chuo achana na "picture" kabisa, andika "Figure 1", "Figure 2", alafu ndani ya maandishi useme "as shown in Figure 1". Msimamizi wako atapumua.

Kuna kijisehemu kinaitwa umiliki, hiki kinahitaji utulivu. "My father's picture" inaweza kuwa picha anayoonekana baba, au ya mali ya baba, au aliyoichora baba, sawasawa tu na Kiswahili ukisema picha ya baba. Ukitaka isiwe na utata, picha inayomwonyesha baba ni "a picture of my father". Picha ambayo baba ndio mwenyewe, labda ameitundika sebuleni na ina mlima Kilimanjaro, hiyo ni "a picture of my father's". Kaherufi kamoja tu na alama yake, maana imehama nyumba. Ukiwa unaandika maelezo ya mirathi au taarifa ya kitu kilichoibiwa usiache utata, andika "a picture belonging to my father".

Profile picture, ile tunayoiita DP. DP ni kifupi cha "display picture", huku kwetu na India watu wanaielewa, ila ukimwandikia mtu wa Ulaya au Marekani usitegemee, andika "profile picture" kamili.

Upande wa sinema sasa. Wazee wetu walisema wanaenda kuangalia picha, na mpaka leo tunasema picha la Kihindi, steringi hafi, picha linaanza jamaa anashuka kwenye gari. Waingereza nao walikuwa hivohivo, "going to the pictures" ni kwenda sinema, bibi na babu wa Uingereza bado wanasema. Asili yake ni "moving pictures", picha zinazotembea, na Wamarekani wakaikata ikawa "movies". Ndio maana ile taasisi inayotoa Oscar, iliyoanzishwa 1927, inaitwa Academy of Motion Picture Arts and Sciences, na tuzo yake kubwa ya filamu bora inaitwa Best Picture, hawamaanishi picha ya ukutani. Lakini wewe kwenye maongezi ya kawaida leo usiseme "I watched a picture last night", sema "film" kwa Mwingereza, "movie" kwa Mmarekani.

TV hiyo ni kesi nyingine, hapo "picture" ndio neno lenyewe hasa. King'amuzi kimegoma, unapiga simu huduma kwa wateja au una mgeni gesti analalamika, maneno yake ni haya: "there is sound but no picture", sauti ipo picha hamna. "The picture keeps freezing", inaganda ganda. Zile chenga za TV za zamani, "the picture is snowy", wanaziona kama theluji.

Tukija kichwani sasa, "picture" ya mawazo. Hapa ndio mtu anaanza kuonekana anakijua Kiingereza, na wala sio kugumu kwa sababu Kiswahili nacho tunasema napata picha, jenga picha kichwani. "Do you get the picture?" ni unanipata? umeelewa mambo yalivyo? Ila angalia unamwambia nani, kwa bosi inasikika kama unamgombeza, kwa bosi uliza "does that make sense?" ndio adabu. "The big picture" ni jambo zima kwa ujumla, kwenye intavyuu wakikuuliza kama unaweza kuona "the big picture" wanataka kujua kama unaelewa kazi yako inachangia nini kwenye malengo ya kampuni nzima, usianze kuongelea picha. "The full picture" ni habari kamili bila kufichwa kitu. "Keep me in the picture" ni niwe napewa taarifa, hii Waingereza wanaipenda sana kwenye barua pepe, ukiiona mwisho wa barua pepe ya mfadhili wa mradi wako ujue anataka ripoti, mwandikie kila jambo likisogea.

"Out of the picture" mtu kashatoka kwenye hilo jambo, hayumo tena. Mume wa zamani yuko "out of the picture", mshirika wa biashara aliyejitoa yuko "out of the picture". Na "there's someone else in the picture" kwenye mapenzi, ah, hiyo ni kuna mtu mwingine, pole.

"Paint a picture" mara nyingi hakuna rangi wala brashi, ni kueleza hali. Magazeti yanapenda "the report paints a grim picture of the economy", ripoti inaonyesha hali mbaya ya uchumi. "The picture of health" ni mtu mwenye afya anang'aa, mgonjwa wako aliyetoka hospitali kanenepa kidogo unaweza kumwambia "you are the picture of health" na atafurahi.

Alafu lenyewe linakuwa kitenzi pia. "I can't picture him as a teacher", simpatii picha kama mwalimu. "Picture yourself living in Mwanza", jaribu kujiona unaishi Mwanza. Kitenzi kinachofuata kinabeba -ing, "picture him singing", usiweke "to sing". Ukiweka hii moja tu kwenye hotuba, "picture this", alafu ukatulia sekunde mbili kabla ya kueleza, watu wote wanainua vichwa.

Na ule msemo wa "a picture is worth a thousand words", picha moja ina thamani ya maneno elfu, tumia upendavyo ila usiandike kwamba ni methali ya Kichina. Mtu wa matangazo wa Marekani Fred Barnard alitumia maneno ya namna hiyo kwenye tangazo mwaka 1921, akarudi nayo 1927 akaibandika jina la methali ya Kichina ili watu waiheshimu, na dunia nzima ikaamini mpaka leo.

Hospitali. Hii nataka tuielewe wote maana inahusu mwili na hela yako. Tanzania daktari anaandika FBP, "Full Blood Picture", na nimekaa foleni na akina mama wanaoamini damu yao inakwenda kupigwa picha kama eksirei. Hapo "picture" ni hali kwa ujumla, ni kipimo cha damu kinachohesabu seli nyekundu, seli nyeupe na chembe sahani, na kuangalia wingi wa damu, ile himoglobini. Nchi nyingine wanaandika "full blood count", Marekani "complete blood count", kwahiyo ukisafiri na karatasi yako ya FBP ukaambiwa hawaelewi, waambie "blood count". Ni haki yako kumuuliza daktari kila namba kwenye hiyo karatasi inasema nini, uliza bila woga. Na ukipigwa picha ya kifua usiseme "they took my picture", sema "I had a chest X-ray", hapo ataelewa umepitia nini. "The clinical picture" kwenye ripoti ni dalili zote za mgonjwa zikiwekwa pamoja.

Namalizia na wale mnaojiandaa na mitihani ya Kiingereza onlaini, kama ule wa Duolingo English Test ambao unakuwekea picha unatakiwa uielezee kwa kuandika na kwa kuongea. Watu wanaogopa wanaandika maneno mawili matatu wanaacha muda unaisha. Fanya hivi. Anza na kitu kikubwa kinachoonekana kwa "in the picture, there is" kama ni kimoja au "there are" kama ni vingi. Picha ya mama anauza samaki: "there is a woman selling fish". Sio "there is a woman is selling", hiyo "is" ya pili inatokana na Kiswahili kuna mama anauza, kitenzi chetu kinabeba mtu ndani yake, cha kwao hakibebi. Alafu sogea, "on the left", "on the right", "in the background" kwa vya nyuma, "in the foreground" kwa vya mbele. Vinavyoendelea sema kwa -ing, "some children are playing", hata kama picha imepigwa zamani sana, wao wanaielezea kama inatokea sasa hivi. Ukishamaliza vinavyoonekana ndio uanze kukisia, na kukisia kuna maneno yake: "it looks like", "she seems", "maybe". "It looks like a market near the sea." Hapo umeongeza sentensi nzima bila kudanganya mtu. Chukua picha yoyote iliyomo kwenye simu yako leo, ya harusi, ya shamba, ya kijiwe, weka saa ya dakika moja, ielezee kwa sauti kwa Kiingereza, alafu kesho chukua nyingine.